Krismasi ya Kambini: Chai Yenye Sukari na Barua ya Mbuzi

Wasomaji wangu, tangu Novemba iingie, barua nyingi mnazoniandikia zinahusu jambo moja: Krismasi ya askari aliye mbali na kwake. Nimechagua nne. Kwa msionifahamu, nilikuwa mpishi katika Jeshi la Wananchi, na Krismasi ya mwaka 1978 niliipika karibu na mto Kagera, vita ikiwa imepamba moto. Nitajibu kutokana na niliyoyaona pale.

*Shikamoo Mzee. Mume wangu ni askari. Tangu Agosti yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati kwenye kikosi cha kulinda amani, na hii ni Krismasi yetu ya kwanza mbalimbali tangu tuoane. Akipiga simu namwambia kila kitu ni shwari. Ukweli ni kwamba paa la jiko linavuja, mtoto wa pili kafeli hesabu, na baba mkwe anasumbuliwa na presha. Mawifi zangu wanasema askari hasumbuliwi na mambo ya nyumbani, anapewa moyo tu. Lakini naona kila wiki maongezi yetu yanazidi kuwa mafupi, kama ya watu wasiojuana. Siku ya Krismasi nimwambie nini?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kubeba nyumba peke yako. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana hilo unaloliuliza mimi liliniumiza kwa miaka mingi.

Desemba ile nilikuwa na miaka 22. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana, na siku hizohizo daraja la Kyaka likavunjwa. Kufikia Krismasi eneo kubwa la ardhi yetu lilikuwa limesharudi mikononi mwetu, ila amri ya kuingia Uganda ilikuwa bado. Tulikuwa tunangoja, na mvua inanyesha. Platuni niliyokuwa naipikia ilikaa ndani ya shamba la migomba ambalo wenyewe walikuwa wamekimbia. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe usiku, pwaa, na kila ikidondoka moja kuna mtu anashika bunduki.

Chakula chetu kilitoka mbali: kwa reli mpaka Mwanza, kwa meli mpaka Bukoba, halafu kwa lori kwenye tope. Unga na maharage vilikuwepo. Sukari ndiyo ilikuwa haba. Basi wiki mbili kabla ya Krismasi, kila asubuhi nikipima sukari ya chai nilirudisha vijiko vichache kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Aliyejua ni koplo wa stoo peke yake. Vijana walilalamika kwamba chai yangu imekuwa maji ya kuoshea vikombe, nami nikanyamaza.

Usiku wa mkesha ulikuwa wa Jumapili. Moto marufuku, tochi marufuku, hata sigara ilivutwa chini kabisa ya handaki, imefunikwa kwa kiganja. Padri hatukuwa naye, wala mchungaji. Koplo mmoja aliyekuwa katekista kijijini kwao alituhadithia Injili ya Luka kwa kichwa, kwa sababu gizani asingeweza kuona kitabu. Kisha tukaimba kwa kunong'ona. Sijasikia tena wimbo ukiimbwa namna ile: watu wapatao ishirini, sauti zote nne zimekamilika, besi imo, na ukisogea hatua kumi tu husikii kitu. Ng'ambo mizinga ililia mara mbili, tukakatiza, tukaendelea pale tulipoishia.

Wenzetu Waislamu walichukua malindo yote ya usiku ule na ya kesho yake. Hakuna aliyewaamuru. Sajenti wetu, Mdigo wa Tanga, aliandika zamu kwa mkono wake, akajiweka yeye mwenyewe kwenye saa mbaya kuliko zote, ile ya kabla ya alfajiri. Idi el-Fitri ya Agosti 1979 ilitukuta ndani ya Uganda, na siku hiyo sisi ndio tuliosimama lindoni wao wakaswali.

Asubuhi ya Krismasi nilimimina kopo lote kwenye sufuria. Kijana wa kwanza alionja, akatazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, akarudi kutazama kikombe. Hakusema neno. Akaenda kumwamsha mwenzake.

Halafu kulikuwa na senene, maana ulikuwa msimu wake. Mgambo wawili wa palepale Kagera waliwaokota alfajiri kwenye majani, gunia zima. Mimi nilikuwa sijawahi kuwapika. Walinikalisha chini wakanifundisha: unang'oa mbawa na miguu, unawaosha, unawaweka kwenye karai kavu bila tone la mafuta, na wenyewe wanaanza kutoa mafuta na kubadilika rangi. Walipoanza kunukia, hata wale walioapa kwamba hawali wadudu walisogea. Mchana nikapika nyama, ng'ombe wa mchango wa wananchi.

Lakini mwanangu, nataka kukuambia habari ya barua. Lori la chakula lilikuja na mfuko wa posta, na barua zikagawiwa tukiwa tunakula. Kijana mmoja, msomi kidogo, alipata barua ya kurasa mbili iliyoandikwa vizuri sana: wewe ni shujaa, taifa linakutegemea, sisi hatujambo, usitufikirie, songa mbele. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikumwona akiitoa tena.

Mwingine, kijana wa Dodoma, alipata karatasi moja ya daftari la shule. Mama yake hakujua kuandika, alimwandikisha mtoto wa jirani. Barua ilisema mbuzi mwekundu kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Mlango wa nyuma umelika na mchwa, na fundi anadai pesa nyingi. Mjomba wake bado hajalipa lile deni. Basi. Yule kijana akaisoma kwa sauti. Mtu akasema, rudia pale pa mbuzi. Akarudia. Mwingine akauliza, huyo asiyenyonya ni dume au jike? Ukazuka ubishi wa saa nzima, watu wazima wenye bunduki, kuhusu namna ya kumnyonyesha mwanambuzi aliyekataliwa na mama yake. Mmasai mmoja akatoa maelekezo, yakaandikwa, yakatumwa Dodoma na lori lilelile. Barua ile ilizunguka mahandakini mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Waliniletea niigundishe kwa uji mzito, nami nikaigundisha.

Unaona tofauti? Yule wa kwanza aliambiwa nyumbani hakuna kazi yake. Yule wa pili alipewa mlango wa kutengeneza, mbuzi wa kumwuguza na mjomba wa kumdai.

Na sasa nikuambie langu. Kuanzia Novemba 1978 mama yangu aliniandikia barua tatu, zote zikisema sisi sote hatujambo. Nilirudi likizo Julai 1979, nikapokewa vizuri, nikauliza baba yuko wapi. Nikapelekwa kaburini. Alikuwa amefariki wiki ya kwanza ya Desemba. Siku niliyokuwa nakaanga senene na kucheka, baba yangu alikuwa na siku kumi na tisa ardhini. Mama alifanya vile kwa mapenzi, ninajua, na nilimsamehe kabla hajafa yeye pia. Ila kwa miaka mingi, kila aliponiambia hajambo, sikumwamini.

Kwa hiyo sikubaliani na mawifi zako, ingawa nia yao ni njema. Presha ya baba mkwe mwambie mumeo wewe mwenyewe, kwa utulivu: ni kiasi gani, ameonwa na daktari lini, anakunywa dawa gani. Asije kuisikia kwa ndugu wa pembeni. Ikizidi, pitia kwa uongozi wa kikosi chake nchini, ili habari imfikie akiwa na mkubwa wake karibu. Paa la jiko mwulize yeye: bati moja au mawili, nimwite fundi yupi? Mwanafunzi aliyefeli hesabu mpe simu, aeleze mwenyewe, na baba yake ampe maswali ya kufanya. Usiulize analinda wapi kesho wala anatoka saa ngapi, hayo hawezi kukujibu na yatafupisha maongezi zaidi.

Siku yenyewe ya Krismasi fanya hivi. Kule saa zao ziko nyuma yetu kwa saa mbili. Ikiwa kwako ni saa sita mchana, kwake ni saa nne asubuhi. Kubalianeni muda ambao hana zamu. Akipiga simu ya video, mkiisha kusalimiana, simu iegemeze kwenye kopo hapo jikoni, uendelee kupika. Asikie kitunguu kikiungua, awaone watoto wakigombana, aone tone la mvua likianguka kutoka paani. Usilazimike kuongea. Mwache akae jikoni kwake nusu saa.

*Mzee, shikamoo. Tunataka kumtumia kaka yetu kifurushi cha Krismasi kambini. Tuweke nini?*
*Dada Watatu, Mwanza*

Marahaba wanangu. Kwanza ulizeni kikosini kwake ni vitu gani vinaruhusiwa na mwisho wa kupokea ni lini, kwani kifurushi kinachoondoka tarehe 20 Desemba ni cha Pasaka. Msiweke kitu kinachooza wala kinachoyeyuka. Soksi nene, nzuri, jozi nyingi kuliko mnavyodhani zinahitajika. Mguu uliolowa humtesa askari kuliko njaa. Picha zilizochapishwa kwenye karatasi, maana simu huisha chaji na picha ya karatasi hukaa ndani ya kofia. Viungo vya chakula mnavyotumia nyumbani, vimesagwa na kufungwa vizuri. Mpishi wa pale atawashukuru, hilo nawahakikishia. Na wekeni vya kugawa, kwa sababu hakuna afunguaye kifurushi peke yake kambini. Jina la kambi na picha ya kifurushi chenye anwani msiviweke kwenye mitandao.

*Shikamoo babu. Mwalimu wetu wa historia alisema kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani waliacha kupigana siku ya Krismasi wakacheza mpira pamoja. Rafiki yangu anasema ni hadithi tu. Nani yuko sahihi? Na Kagera ilitokea hivyo?*
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Iringa*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, ila jambo lenyewe lina pande nyingi.

Ilikuwa Krismasi ya 1914, vita ikiwa na miezi mitano tu, katika mitaro ya Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa. Papa Benedikto wa 15 alikuwa ameomba mwezi huohuo silaha zinyamaze kwa ajili ya sikukuu, na ombi hilo halikukubaliwa. Jioni ya tarehe 24, sehemu nyingi za mstari ule, Wajerumani walipandisha juu ya kingo za mitaro miti midogo ya Krismasi yenye mishumaa, wakaanza kuimba. Waingereza wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha, watu wakatoka mikono mitupu wakakutana katikati, pale ambapo jana yake asingesimama mtu akabaki hai. Walibadilishana sigara, vyakula na vifungo vya makoti. Waingereza wengi walikuwa na kijisanduku cha shaba walichotumiwa kwa jina la binti mfalme Mary, ndani kukiwa na tumbaku na kadi ya salamu. Inakadiriwa kwamba askari kama 100,000 walishiriki kwa namna moja au nyingine.

Mpira ulikuwepo, barua za askari wenyewe zinautaja, lakini usifikirie mechi yenye refa na dakika tisini. Ni watu waliopiga mpira huku na huko kwenye udongo ulioganda. Jambo kubwa kuliko mpira ni kwamba walizika maiti. Miili ilikuwa imelala katikati kwa majuma, hakuna aliyethubutu kuifuata, na siku ile wakaichukua, sehemu nyingine wakichimba pamoja. Mimi niliyewahi kuzika rafiki, hiyo ndiyo sehemu inayonigusa.

Rafiki yako naye ana cha kusimamia, kwa kuwa haikuwa kila mahali. Kuna sehemu za mstari uleule ambako risasi ziliendelea na watu wakafa siku ya Krismasi yenyewe. Mwaka uliofuata amri kali zilitolewa, na mambo yale hayakurudi tena kwa ukubwa ule. Na wakati wazungu wakipeana sigara kule, vita yao ilikuwa imeshawakuta babu zetu: mji wa Tanga ulipiganiwa kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, wiki saba kabla ya Krismasi hiyo.

Kwa nini iliwezekana? Kama mpishi, nina jibu ninalolipenda. Mitaro ile sehemu nyingine ilikaribiana kiasi kwamba walisikiana wakikohoa, na asubuhi kila upande ulinusa nyama ya upande wa pili ikikaangwa. Ukiisha kujua adui yako anakula nini na anakohoaje, tayari unamjua kidogo.

Kagera haikutokea. Sisi adui tulimsikia kwa mizinga, sauti ya binadamu hatukuisikia. Na tulikuwa tumekaa katika nyumba zilizoporwa za ndugu zetu, migomba haina mwenyewe, ng'ombe wameswagwa wakapelekwa ng'ambo. Sikutamani kukutana na mtu wa upande ule siku ile, na sitakudanganya kwamba nilitamani. Tulipoingia Uganda ndipo nilipopikia mateka kwa mara ya kwanza, kijana mdogo kuliko mimi. Aliniomba chumvi kwa Kiswahili kizuri tu.

*Mzee wetu, shikamoo. Kaka yetu mkubwa alikuwa askari na aliuawa akiwa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, mwezi Desemba, miaka kadhaa sasa. Tangu mwaka ule mama hajapika Krismasi. Tunakaa kimya siku nzima kama ya msiba. Mwaka huu wajukuu wanaomba sikukuu, na mmoja wao ni mtoto wa marehemu. Tukisherehekea tutakuwa tunamkosea kaka? Na mama tumwambieje?*
*Mdogo Mtu, Singida*

Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na mama na huyo mtoto. Pole haichakai hata miaka ikipita.

Nilipomsimulia Mama Wawili habari za Krismasi yetu, kuna jambo nililiruka. Tarehe 21 Desemba 1978 tulimzika mwenzetu. Kombora lilianguka karibu na handaki lake akiwa anafua shati. Alikuwa mcheshi, mlaji, mtu wa kuja jikoni kabla ya wakati kuuliza kimebaki nini kwenye sufuria. Tulimzika mvua ikinyesha, kaburi linajaa maji huku tunachimba.

Tulikuwa watu 31 katika platuni. Krismasi ilitukuta 30. Lakini mkono wa mpishi una kumbukumbu yake. Unga niliupima kama nilivyouzoea, nyama nikaikata kama nilivyozoea, na nilipomaliza kugawa nikajikuta nimesimama na bakuli moja lililojaa, hakuna wa kulipokea. Nilisikia joto lake kwenye viganja. Watu wote waliniona, wakanyamaza. Nikataka kulirudisha kwenye sufuria, mkono ukakataa.

Yule sajenti wa Tanga alikuwa ametoka lindoni. Alikuja akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula cha mgeni. Akazunguka nalo kwa kila mmoja, na kila mmoja akachota tonge na kipande kidogo. Alipofika kwa kijana wa barua ya mbuzi, yule akasema, huyu bwana angekuwepo asingekubali kumgawia mtu. Ndipo kicheko kikatoka, na machozi kwa pamoja, na tukaanza kumsimulia: alivyoiba ndizi, alivyolala kwenye paredi, alivyoimba vibaya. Tulimsimulia mpaka giza likaingia. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake.

Kwa hiyo hapana, hamtamkosea kaka yenu. Nyumba yenu imenyamaza miaka yote hii, na mtoto wake anakua bila kusikia baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Ana haki ya kuzijua hata zile za utundu.

Mama usimwambie kwamba yatosha sasa. Neno hilo linakata. Na msimwandalie sherehe kwa siri mkidhani mtamfurahisha, atajiona mgeni nyumbani kwake. Mtumeni huyo mjukuu, mtoto wa marehemu, siku kadhaa kabla, amwulize bibi swali moja tu: baba alipokuwa mdogo, siku ya Krismasi alipenda kula nini? Kisha muondoke muwaache wawili. Anaweza akalia, anaweza akajibu, anaweza akafanya yote mawili. Akikataa mwaka huu, kaeni naye kimya kama mlivyozoea, lakini safari hii mkae karibu, si kila mtu chumbani kwake.

Akikubali, mwacheni apike yeye, wajukuu wamsaidie kuchambua na kumenya. Kipimo cha unga apime mwenyewe. Akipima wa mtu mmoja zaidi, msimsahihishe.